Kinanda cha Kooni

Kanisani kwetu mjini Kitui watu wamezoea kwamba mimi sisemi amina. Wageni ndio husumbuka. Mhubiri anatoka mbali, anasimama mbele na suti yake, anasema Bwana asifiwe, kanisa zima linaitikia, na mama mmoja aliyekaa nyuma ya kinanda amebana midomo kama mtoto anayekataa dawa. Anarudia, Bwana asifiwe tena, safari hii akinikazia macho mimi. Nabana zaidi. Najua wengine hurudi kwao wakaniombea. Siwalaumu, ila sina nguvu ya kumweleza kila mgeni kwamba mdomo wangu, akiniona pale, uko kazini.

Basi wacha nieleze hapa mara moja, yaishe.

Mimi ni wa Kilungu kwa kuzaliwa, na kinanda nilijifunza kwa kumkimbiza mama. Kanisa letu la kule mlimani lilinunua kinanda kabla halijapata mtu wa kukipiga, na mimi nilikuwa msichana niliyetumwa kukipangusa vumbi. Nikapangusa mpaka nikajua sauti ya kila kibao. Mama ndiye alikuwa akianzisha nyimbo za akina mama, na kwetu hakuna mtu anayekuambia wimbo uko ki gani, yaani unaanzia noti ipi. Mtu anasimama, anakohoa kidogo, anaanzia pale koo lake lilipoamkia siku hiyo. Wewe wa kinanda ni shauri yako. Unapapasa huku na huku mpaka umpate, na ukimpata unashukuru Mungu.

Mama alikuwa mbaya kuliko wote. Anaanzia chini kabisa, halafu furaha inampanda, ubeti wa tatu yuko juu kwingine na kanisa lote limemfuata, na mimi kidole kiko kwenye kile kitufe cha kupandisha ki, nabonyeza, nabonyeza tena. Ibada ikiisha ananiambia, "Leo ulichelewa." Hata siku moja haikumwingia akilini kwamba yeye ndiye alihama. Kwa hivyo mkinisikia nikipiga leo mnione nina haraka, mjue sikulelewa kwa utulivu.

Nikaolewa Kitui, nikalea watoto wakaenda zao, nikabaki na mambo mawili: mitumba yangu sokoni na kinanda changu kanisani. Mume wangu ni mtu wa malori na safari ndefu, haingii sana katika habari hii. Kinanda ndicho kilinifanya mtu. Sokoni mimi ni mama wa mitumba, na mama wa mitumba wako wengi. Lakini wakisema "mama wa kinanda", Kitui nzima ni mimi.

Halafu siku ya soko nilienda kijiji cha Tulia kuuza, na jioni nikapakia furushi langu kwenye bodaboda, nikakaa juu ya kilichobaki cha kiti. Barabara ina mchanga. Mbuzi alivuka, kijana aliyeniendesha akafunga breki, furushi likaenda kwake na mimi kwangu. Nilianguka kwa mkono wa kulia. Kifundo kikavunjika, wakakifunga plasta, na plasta ilipotoka vidole vitatu vilikataa kurudi kazini. Havikuwa na maumivu hata. Vilikaa tu pale, vinanitazama. Daktari akasema mazoezi, nikafinya soksi zilizoviringishwa asubuhi na jioni, sokoni na nyumbani, mpaka wateja wakadhani ni aina ya maombi. Wapi. Kidole cha gumba na cha shahada vilinitosha kushika sindano na kuhesabu mashati. Wimbo haupigwi na vidole viwili.

Mchungaji wetu ni mtu mpole. Alimleta mwalimu wa muziki wa sekondari fulani ya karibu, akaniambia huyu anakushikia kiti tu mpaka upone. Ningependa kusema mwalimu yule alikuwa na majivuno, nipate pa kumchukia vizuri. Hakuwa nayo. Alinisalimu kwa mikono miwili kila Jumapili. Shida yake moja ilikuwa kwamba aliwauliza akina mama, "Wimbo uko ki gani?" na akina mama wakamtazama kama ameuliza rangi ya upepo. Lakini angejifunza, nilimwona anajifunza, na kamati ya muziki ikasema itaamua mwisho wa mwaka nani awe mpigaji wa kudumu.

Niseme wazi, nilikitaka kiti changu. Nilikitaka vibaya. Nilikuwa nakaa katika benchi na wenzangu na sijui niweke wapi miguu. Nainuka, natoka nje, nanywa maji sina kiu, narudi. Na wimbo ukianza, koo langu linaimba bila mimi kuliambia, na haliimbi maneno. Linaimba ule mstari wa juu ambao mkono wangu wa kulia ungepiga. Duu, duu-du-duu, chini chini. Mama aliyekaa mbele yangu aligeuka siku moja akaniuliza kama nina pumu.

Aliyenielewa ni fundi wa spika. Huyu ni Mwislamu wa pale mjini, babu zake walitoka pwani wakaja na biashara wakakaa, na yeye sasa anakodisha vyombo kwa kila mtu: harusi, mikutano ya siasa, makanisa yote yanayogombana. Jumamosi anakuja kutufungia spika. Alinikuta nimekaa mbele ya kinanda, mkono wa kushoto unapiga kodi zake vizuri, zile noti za pamoja za kushikilia wimbo, wa kulia umelala mapajani, na mimi naguna. Akasimama akasikiliza huku anaviringisha waya.

"Mama," akasema, "mkono wako wa kulia umehamia kooni."

Nikamwambia asinichezee siku hiyo, sina hali.

"Sikuchezei. Siku hizi iko programu. Unaimba, kompyuta inasikia sauti imepanda wapi imeshuka wapi, inakiambia kinanda kipige noti hiyohiyo. Vijana wa studio wanaitumia. Nipe mpaka Jumatatu."

Jumatatu sikufungua meza yangu sokoni. Nilikuwa dukani kwake kabla hajatoa kufuli. Akafungua laptopu yake iliyopasuka pembe, akaunganisha maiki huku na kinanda kule, akaniambia sema chochote. Nikasema "aaa" kama mtu aliye kwa daktari wa meno, na kwenye spika ikatoka tarumbeta. Tarumbeta kabisa, mama yangu. Nikasimama. Nikakaa. Nikasimama tena. Nikapanda ngazi za sauti moja moja nayo ikapanda nami, nikashuka ikashuka. Fundi akabonyeza kitu, nikaimba, ikawa filimbi. Akabonyeza, ikawa kinanda chenyewe, kile kile nilichokijua kwa vidole. Hapo nililia kidogo na sikuona haya, na fundi akajifanya anatafuta bisibisi.

Msidhani ilikuwa rahisi. Ile mashine haina subira na wala haina huruma. Ukiburuza sauti kutoka noti moja hadi nyingine, jinsi sisi wote tunavyoimba, inajikwaa kwenye kila kibao cha katikati na unasikika kama gunia la viazi linaloanguka ngazini. Ukisema neno, herufi zinaichanganya. Inataka "uu" safi, noti baada ya noti, umekata. Na inachelewa kidogo, kwa hivyo lazima koo litangulie mbele ya wimbo. Mimi wa kutangulia sina shida. Shida yangu ilikuwa kukata. Nilifanya mazoezi nikipanga mashati, nikipika, nikioga. Jirani yangu sokoni akasema afadhali siku zile nilizokuwa naongea.

Jumapili ya kwanza tulitumia maiki ya kawaida, kwenye kisimamio, mbele ya mdomo wangu. Wimbo wa kwanza ulienda. Wa pili ukaenda vizuri, nikaona mwenyekiti wa kamati anaitikia kwa kichwa taratibu, nikajua hapo sawa. Ndipo mchungaji akasema tuombe. Nyinyi mnajua maombi yetu. Kila mtu anaomba kwa sauti yake, wakati mmoja, na mchungaji juu ya wote. Maiki ile haikujua kubagua. Ikasikia mchungaji anaunguruma, ikapiga mchungaji. Akipanda, tarumbeta inapanda. Akishuka kwa unyenyekevu, tarumbeta inashuka kwa unyenyekevu. Kwanza watu waliendelea na macho yamefungwa wakidhani ni upako. Kisha mtoto akacheka, na kicheko chake nacho kikapigwa, tii-tii-tii, na hapo kanisa likavunjika mbavu. Mimi napapasa kutafuta pa kuzima kwa mkono usio na vidole.

Hawakucheka wote. Mzee mmoja wa kanisa alinifuata baadaye akaniuliza kama hayo si mambo ya kilumi, zile ngoma za zamani za kupandisha pepo, maana yeye hajawahi kusikia chombo kinachojibu mtu. Nikamjibu vibaya. Mchungaji akaingilia, akamtuliza mzee, kisha akaniambia kando, shingo upande, kwamba kamati imekubali nijaribu tena, ila ikitokea nyingine kama ile atashindwa kunitetea.

Fundi ndiye aliyetafuta mkanda. Ni kitu chembamba cheusi, wanakivaa walinzi wa mikutano mikubwa chini ya kola ili waongee kwa redio kukiwa na kelele. Kina vifundo viwili vinakaa kila upande wa koo. Hakisikii dunia, kinasikia koo tu. Waweza kumpigia ng'ombe kelele kando yake, hakijali.

Lakini koo lako, ndugu yangu, kinalisikia lote. Ukimeza mate, noti. Ukikohoa, noti mbili. Ukimnong'oneza mtu akupishe, unapiga kipande cha wimbo usio na jina. Na Jumapili ya pili, mhubiri aliposema Bwana asifiwe, mimi kwa mazoea ya maisha yangu yote nikasema amina, na kinanda kikasema, juu, katikati, chini: a-mi-na. Watu walipenda. Mhubiri naye akapenda, akarudia Bwana asifiwe na kunyamaza akingoja chombo. Nikaona mzee wa kilumi anaondoka. Tangu siku hiyo nikabana. Amina naisemea moyoni, maombi moyoni, na nyimbo zote nilizozipenda tangu utoto naziimba sasa bila neno hata moja. Nilidhani ni kitu kidogo, maana kanisani nani hukusikia katikati ya watu wengi hivyo. Si kidogo. Narudi nyumbani kutoka ibada nimejaa, sina pa kutua mzigo, nafungua milango na kufunga.

Ila kiti kikaanza kunirudia. Mwalimu wa sekondari akasogea upande, akawa anapiga Jumapili moja, mimi nyingine. Kamati bado ilikuwa haijasema.

Wakati huo nilienda Kilungu kumwonyesha mama. Sisi kwa Kikamba tunamwita mwaitu, mama yetu, hata ukiwa umezaliwa peke yako. Alikuwa amezeeka vizuri, meno yake mengi, maneno yake yote. Anakaa kwa kaka yangu, kwenye ule mteremko wa avokado. Niliunganisha vyombo mezani, nikajifunga mkanda, nikampigia wimbo wake mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Akasikiliza ameshika kidevu.

"Sasa wewe umekuwa redio," akasema.

Nikamwambia mimi ndiye napiga, mwaitu, si redio.

"Umefunga mdomo na muziki unatoka. Hiyo ni redio. Nifunge na mimi."

Nikamfunga. Koo lake lilikuwa jembamba, ikabidi nivute mkanda hadi tundu la mwisho. Hakutaka kuimba. Alitaka kuongea, na alianza kwa kulalamika kuhusu kaka yangu: kwamba ameuza avokado zikiwa changa, kwamba haambiliki, kwamba mkewe naye anapika chai nyepesi. Kikamba kina milima na mabonde yake, na yote ile mashine iliyachukua ikayafanya filimbi. Mama akasikia anavyolalamika kwa filimbi, akafurahi sana. Akatoka nje hadi waya ulipofika, akamwita kaka yangu aliyekuwa shambani. Akamgombeza mbuzi. Akamwita jirani wa mteremko wa pili, akamwuliza habari za goti lake. Kilungu nzima ya upande ule ilisikia filimbi ikiuliza habari za goti.

Aliporudi ndani aliniuliza, "Na hii inasema yale niliyosema?"

"Hapana. Inachukua tu ulivyopanda na ulivyoshuka."

"Basi haijui kitu," akasema, akageuza shingo nimfungue.

Alikufa baada ya mvua. Hakuugua sana. Kifua kilimbana, kaka akampeleka hospitali, akakaa siku chache akiwauliza wauguzi wazazi wao ni nani, kisha asubuhi moja hakuamka. Kaka alinipigia nikiwa sokoni. Nilikunja meza, nikapanga nguo zote kwa saizi, jambo nisilolifanya kamwe, na mwenzangu wa meza ya pili ndiye aliyeniambia, "Wewe, nenda nyumbani." Sikulia. Nilijua machozi yapo, nilikuwa nayasikia. Nikasema kwanza mipango.

Katika kikao cha mazishi kaka alisema mwalimu wa Kitui apige kinanda. Wafiwa hawafanyi kazi, ndiyo desturi. Wanakaa mbele, wanaletewa chai, wanashikwa mikono, wanalia. Nikasema ng'o. Nikasema mwanamke aliyenifundisha kinanda hatazikwa na mtu anayeuliza ki. Kaka akasema, "Dada, utalia saa ngapi?" Nikamwambia asinipangie. Mke wake akaleta chai, na ikapita hivyo, nikapiga mimi.

Fundi alitoka Kitui na spika zake na jenereta, akafika asubuhi, akavua viatu akaingia ndani kumpa kaka pole, kisha akatoka kutandaza nyaya kwenye matuta. Mteremko wa kwetu hauna mahali tambarare. Hema lilikuwa limeinama, na watu walikaa ngazi kwa ngazi hadi chini kwenye njia. Kanisa langu lilikuja na basi, mchungaji na kamati nzima ya muziki, na yule mwalimu pia, amevaa tai nyeusi. Akaja kunishika mikono yote miwili, ule mzima na ule mwingine. Nikajifunga mkanda.

Kupiga kwenyewe kulianza vizuri. Nyimbo za mama nazijua zinakohamia, hata aliyeanzisha asipokuwapo. Akina mama wa Kilungu walianzia chini, ubeti wa tatu wakapanda, nami nikawa nimetangulia nikiwangoja huko juu. Wazee wakageuka kutazama. Nikaona mwenyekiti wa kamati amemwinamia mchungaji anamwambia kitu. Nikajua ni nini, na nilifurahi, siwezi kusema uongo. Pale, mama yangu yuko kwenye jeneza mbele yangu, nilifurahi.

Ndipo wakaliinua. Tukateremka hadi kaburini, fundi akanisogezea kinanda mpaka ukingoni, na wimbo wa kuteremshia ukaanza. Kaka yangu, mtu mgumu wa kuuza avokado changa, akaanguka magoti akalia kwa sauti. Mkewe akamfuata. Shangazi zangu wakaanza, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja anamwita kwa jina alilomwita. Sauti ya kilio ikanijia na mimi. Iliinuka kutoka tumboni, ikafika kifuani, ikafika pale kwenye vifundo viwili.

Na nikaijua itakavyosikika. Mkanda ule ungechukua kilio changu ukakitoa kwa spika zote mbili, juu ya mteremko wote, kwa sauti ya filimbi ile ile. Na kilio hakina noti, kinaburuza. Kingejikwaa kwenye kila kibao. Watu wangegeuka, watoto wangecheka kama walivyocheka kanisani, na ningekuwa nimemfanyia mama hivyo akiwa nusu ndani ya udongo. Kuufungua mkanda kulitaka mkono mzima. Wa kushoto ulikuwa unashikilia kodi, na wimbo wote ulikuwa umeegemea hapo.

Nikaikamata ile sauti kooni nikaiweka kwenye noti. Uu. Ikataka kutetemeka, nikainyoosha. Ikataka kupanda, nikaikata, nikahamia noti iliyofuata, kwa wakati wake. Nikafanya hivyo wimbo mzima. Wakatupa udongo, nikapiga. Wakapanda maua, nikapiga. Hakuna noti iliyopotea. Wimbo ulipoisha koo langu lilikuwa limekauka na limetulia kabisa, halina kitu, na nilishangaa jinsi lilivyo tupu.

Watu walinisifu siku ile hadi nikachoka. Walisema Mungu amenipa nguvu. Mchungaji alinishika bega mbele ya kamati, akasema hakuna haja ya kungoja mwisho wa mwaka, kiti ni changu, na yule mwalimu alikuwa wa kwanza kuitikia, akasema hata yeye asingeweza. Fundi peke yake ndiye hakunisifu. Alinifungua mkanda taratibu, akauviringisha, akanitazama, akaniambia, "Pole, dada." Alikuwa akiniita mama siku zote.

Nikarudi Kitui nikiwa mpigaji wa kudumu. Nikapiga Jumapili baada ya Jumapili, na sijawahi kupiga vizuri hivyo. Wiki zikapita nikingoja kulia. Nilijua kilio kitakuja, maana msiba una deni na huja kudai. Nilikaa na kanga yake usoni. Nilijaribu bafuni maji yakiwa wazi. Nilijaribu kwa hasira, kwa kumkumbuka kwa makusudi, meno yake, lile goti la jirani. Machozi kidogo hutoka, ya macho tu, kama ya vitunguu. Sauti haiji. Wenzangu sokoni wakasema mimi ni jasiri, nikawaambia waniachie nafasi nipange mashati.

Mwezi uliopita nikaenda Kilungu, peke yangu, bila vyombo. Nilimwambia kaka nataka kukaa na mama kidogo, akanielewa, akaniacha. Nikateremka hadi kaburini. Nyasi zimeshaota, mkewe anazipalilia vizuri. Nikakaa chini kabisa udongoni, nikasema kwa sauti, "Mwaitu, mimi ni mimi," na ikaja. Mungu wangu, ikaja kweli, kutoka tumboni, nzito, ile ile ya siku ile. Nikafungua mdomo wote nimlilie mama yangu.

Ikatoka noti. Uu. Safi, imenyooka, haitetemeki hata kidogo. Nikavuta pumzi nikajaribu tena, ikatoka inayofuata, kwa wakati wake.

Kule juu kaka yangu alikuwa anafunga mbuzi. Akasikia, akadhani nimemwanzishia mama wimbo. Akaitikia kwa sauti ya pili, na mkewe akatoka jikoni akaitikia, na jirani wa mteremko wa pili naye akaingia. Wakaimba wote hadi mwisho, vizuri sana, wakingoja mimi niwaongoze kila ubeti. Nikawaongoza. Wimbo ulipoisha kaka akapaza sauti kutoka juu, akasema, "Asante, dada. Amesikia." Kisha akarudi kwa mbuzi wake.